Bei ya Kununua Mji: Kutoka Freeciv Hadi Kismayu na Garissa

Leo tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka kuandika historia. Msiogope, tutaanza na msimbo kama kawaida yetu, halafu tutaufuata mpaka Kismayu, turudi Garissa.

Nilipokuwa chuoni tulikuwa na chumba cha kompyuta ambacho usiku kilibaki na watu watano au sita. Kila mashine ilikuwa na Linux, na ndani yake kulikuwa na mchezo wa Freeciv. Kwa asiyeujua, ni mchezo wa kujenga dola. Unaanza na walowezi wachache, unajenga miji, unagundua elimu mpya na kupigana na majirani, na yote hufanyika kwa zamu: wachezaji wote hucheza kwa pamoja ndani ya zamu moja, kisha saa inasonga mbele. Ulianzishwa mwishoni mwa 1995 na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, kwa kufuata mfano wa Civilization ya Sid Meier. Ni programu huria, kwa hiyo ukipigwa unaweza kufungua msimbo ukaona umepigwaje.

Na mimi nilipigwa. Nilikuwa na mji mpakani, wenye ukuta na askari wawili. Jamaa hakuleta jeshi. Alileta mwanadiplomasia mmoja, akamwingiza mjini, akalipa dhahabu. Zamu iliyofuata mji ulikuwa wake, pamoja na ukuta wangu na askari wangu. Nikalalamika kuwa ameiba. Akacheka, akaniambia, "Soma msimbo, ndugu yangu."

Nikausoma. Tangu siku ile kila nikisoma historia ya kwetu Kaskazini Mashariki naiona ile fomula.

Bei inavyopigwa

Kwa Kiswahili cha kawaida, hesabu ya kuchochea mji uasi inakwenda hivi:

1. Chukua dhahabu iliyo kwenye hazina ya mwenye mji, ongeza 1000.
2. Ongeza gharama ya askari walio mjini na majengo yaliyojengwa.
3. Kama mji umetulia, zidisha mara 1.5. Kama unasherehekea, zidisha tena mara 2. Kama una ghasia, usizidishe kitu.
4. Kama mwenye mji si yule aliyeuanzisha, punguza theluthi moja. Na kama mnunuzi ndiye mwanzilishi anayerudia mali yake, punguza nusu.
5. Zidisha kwa idadi ya wakazi, lakini ongeza wenye furaha, toa wasio na furaha, na kila mwenye hasira mtoe mara tatu.
6. Gawanya kwa umbali kutoka mji mkuu wa mwenye mali, jumlisha 3. Umbali ukizidi 32 unahesabiwa kuwa 32. Kama hana mji mkuu, ni 32 vilevile.

Tujaribu kwa namba. Hazina ina 200, na askari na majengo vina thamani ya 300. Pamoja na ile 1000 tunapata 1500. Mji una watu 8, umetulia, uko hatua 15 kutoka mji mkuu. 1500 mara 1.5 ni 2250, mara 8 ni 18000, gawanya kwa 18. Bei ni dhahabu 1000.

Sasa wanne kati ya wale wanane hawana furaha na mji umeingia ghasia. 1500 mara 4, gawanya kwa 18: bei ni 333. Usogeze mpaka mwisho wa ramani, hatua 32 kutoka mji mkuu: bei ni 171. Na kama mnunuzi ndiye aliyeuanzisha, bei ni 85.

Kutoka 1000 hadi 85. Watu ni wale wale na ukuta ni ule ule. Kilichobadilika ni umbali, manung'uniko, na swali la nani alikuwa mwenye mji hapo mwanzo.

Kuna kinga tatu. Mji mkuu hauuzwi kwa bei yoyote. Katika kanuni za kawaida za mchezo, mji ulio chini ya demokrasia hauuzwi. Na mji wenye mahakama, bei yake inakuwa mara nne: ile 171 inapanda hadi karibu 685. Ikumbuke hiyo ya mahakama, tutairudia.

Miji iliyouzwa kweli

Mtu atasema huo ni mchezo tu, miji hainunuliwi. Kwenye pwani yetu ilinunuliwa, na risiti zipo.

Mwaka 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuutawala ukanda wa pwani ya Kenya kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Hiyo ilikuwa kupanga. Kaskazini zaidi mambo yalikwenda mbali kuliko kupanga. Bandari za Benadir, yaani Barawa, Marka, Mogadishu na Warsheikh, zilikuwa chini ya Sultani, na Italia ikazikodi. Mwaka 1905 Italia iliamua kuzinunua moja kwa moja, kwa pauni 144,000. Mji wa Mogadishu, wenye misikiti ya karne ya 13, ukabadilisha mwenyewe kwa hati na pesa. Hakukuwa na mwanadiplomasia wa kuingia mjini kuchochea mtu. Walikubaliana wenye mihuri, basi.

Kismayu haikuwemo kwenye mauzo yale. Yenyewe, pamoja na nchi yote ya magharibi ya mto Juba, ilikuwa sehemu ya himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki tangu 1895. Jimbo liliitwa Jubaland na mpaka wake na Waitaliano ulikuwa mto wenyewe. Kwa hiyo wakati ule mtu wa Kismayu na mtu wa ng'ambo ya Tana walikuwa chini ya serikali moja.

Nasema "chini ya", lakini serikali yenyewe ilijua haijatulia. Novemba 1900 aliuawa Jenner, naibu kamishna wa Jubaland, akiwa safarini bara, na mwaka 1901 likapelekwa jeshi kuwaadhibu Waogaden. Mwaka 1916 Waaulihan chini ya Abdurrahman Mursaal waliivamia boma ya Serenli, juu ya mto Juba, wakamuua Luteni Elliott na askari wake wengi. Waingereza hawakurudi pale mpaka 1917. Kwa lugha ya fomula: wakazi wana hasira, mji mkuu uko mbali, majengo ni machache. Bei iko chini kabisa.

Mji unapokuwa sarafu

Hapa ndipo historia inafanya kitu ambacho msimbo hauna.

Mwaka 1915 Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepamba moto na Italia ilikuwa bado imekaa pembeni. Uingereza, Ufaransa na Urusi zilitaka iingie upande wao. Tarehe 26 Aprili 1915 ulitiwa sahihi Mkataba wa London, wa siri. Italia iliahidiwa mambo mengi Ulaya, na kifungu cha 13 kilisema kwamba ikiwa Uingereza na Ufaransa zitapanua makoloni yao Afrika kwa kumnyang'anya Mjerumani, basi Italia inaweza kudai fidia, hasa kwenye mipaka ya Eritrea, Somalia na Libya. Mwezi uliofuata Italia iliingia vitani.

Vita vikaisha na Mjerumani akanyang'anywa. Tanganyika ikawa ya Waingereza. Italia ikaja na bili yake. Milner kwa upande wa Uingereza na Scialoja kwa upande wa Italia wakaelewana mwaka 1920, mkataba ukatiwa sahihi tarehe 15 Julai 1924, na tarehe 29 Juni 1925 Jubaland ikakabidhiwa. Waitaliano wakaiita Oltre Giuba, yaani ng'ambo ya Juba, wakaitawala peke yake kwa mwaka mmoja, kisha Julai 1926 wakaiunganisha na koloni lao la Somalia.

Kwenye Freeciv mji ni bidhaa: unaununua kwa dhahabu. Mwaka 1915 kilichonunuliwa kilikuwa ni dola nzima, Italia, na Kismayu ilikuwa sehemu ya dhahabu iliyolipwa. Mtu anaweza kuishi miaka yote akidhani yeye ni mkazi, kumbe kwenye daftari la mtu mwingine yeye ni chenji.

Mpaka uliokuwa mtoni ukasogezwa magharibi, ukachorwa mahali ulipo leo, kwa mistari iliyonyooka inayopita kwenye nchi kavu ya malisho. Mto una maana kwa mfugaji: una maji, ana sababu ya kuujali. Mstari ulionyooka hauna kisima. Waogaden wakabaki pande zote mbili, na Garissa, iliyokuwa nyuma kabisa ya mpaka, ikawa mji wa mpakani.

Kuna kichekesho kichungu kwenye hadithi hii. Italia iliponunuliwa 1915, ilinunuliwa kwa vita kimoja tu. Kilipokuja cha pili ilikuwa upande wa Hitler. Waingereza wakakusanya majeshi yao kwenye mto Tana, Garissa na Bura, na mapema 1941 wakavuka. Tarehe 14 Februari 1941 waliichukua Kismayu, na kabla mwezi haujaisha wakaingia Mogadishu. Mji walioutoa kwa kalamu mwaka 1925 waliurudia kwa bunduki baada ya miaka 16, na miongoni mwa waliokufa njiani walikuwa Waafrika wengi wa pande zote mbili ambao hakuna aliyewaonyesha kifungu cha 13.

Funksheni iliyoitwa, jibu likatupwa

Turudi kwenye msimbo kidogo. Katika ile fomula ya zamani "mwanzilishi" wa mji ni mchezaji. Wakazi ni namba tu: 8, wenye furaha, wasio na furaha. Hakuna mahali panaposema wao ni akina nani.

Matoleo ya baadaye ya Freeciv yalirekebisha hilo. Yakaongeza utaifa wa raia, na ukiuwasha, lile punguzo la mwanzilishi linaondolewa na mahali pake zinakuja kichwa kwa kichwa: raia wa taifa la mwenye mji anahesabiwa kwa bei kamili, raia wa taifa la tatu kwa 0.7, na raia wa taifa la mnunuzi kwa 0.5. Mji wa watu 10 ambao 9 kati yao ni wa taifa la mnunuzi unauzwa kwa asilimia 55 ya bei. Nilipoona badiliko hilo nilisema, hatimaye kuna mtu amewauliza wenyewe.

Na sisi tuliwahi kuulizwa, mwaka 1962.

Somalia ilipata uhuru na kuungana tarehe 1 Julai 1960, ikaweka kwenye bendera nyota yenye pembe tano, na moja ya pembe hizo ilikuwa kaskazini ya Kenya. Wakati huo eneo letu liliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD, lenye wilaya sita: Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Chama cha NPPPP kilitaka kujitenga na kujiunga na Somalia. Kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House ujumbe wa NFD ulilieleza jambo hilo waziwazi. Serikali ya Uingereza ikaahidi kutuma tume ya kuwauliza wananchi.

Tume ilikuwa ya watu wawili, Onyiuke kutoka Nigeria na Jenerali Bogert kutoka Kanada. Walizunguka wilaya zote sita, wakafanya mabaraza, wakapokea barua, wakatoa ripoti Desemba 1962. Walikuta kwamba si wote waliokuwa na neno moja. Baadhi ya Waborana, Wagabra na watu wa kandokando ya Tana walitaka kubaki Kenya. Lakini katika sehemu kubwa ya eneo, na karibu kwa sauti moja walikoishi Wasomali, watu walitaka kujitenga.

Tarehe 8 Machi 1963 Duncan Sandys, Waziri wa Makoloni, alitangaza uamuzi: hakuna kujitenga. Patakuwa na mkoa wa saba wa Kenya, uitwao Kaskazini Mashariki. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi huohuo. Uchaguzi wa Mei 1963 ulipofika, Wasomali wa mkoa ule mpya waliususia.

Kila mwandishi wa programu anajua kosa hili. Unaita funksheni, inafanya kazi yote, inarudisha jibu, na wewe hujaliweka jibu popote. Programu haitoi kosa. Inaendelea tu kana kwamba hukuuliza. Tofauti ni kwamba mashine haikumbuki kuwa iliulizwa. Binadamu anakumbuka, na mtu aliyeulizwa akapuuzwa ana hasira kuliko yule ambaye hakuulizwa kabisa.

Sisemi kwamba jibu la tume lilikuwa lazima lifuatwe. Viongozi wa KANU na KADU walikuwa na hoja zao kuhusu nchi moja, na miaka 60 baadaye, kwa yaliyoipata Somalia baada ya 1991, wazee wengi wa Garissa wenyewe watakuambia afadhali ilivyokuwa. Ninachosema ni kwamba ukishauliza, una deni.

Njia mbili za kupandisha bei

Kenya huru ilirithi mji wenye bei rahisi. Chukua ramani na rula: Mandera hadi Nairobi ni kama kilomita 800, Mandera hadi Mogadishu ni kama 440. Wakazi wengi hawana furaha. Majengo karibu hakuna, kwa sababu tangu sheria ya 1902 eneo lilikuwa limefungwa, unaingia na kutoka kwa kibali, na sheria nyingine ya 1934 ikawapa maofisa mamlaka makubwa zaidi juu ya wenyeji. Na jirani ni mnunuzi mwenye nia.

Fomula inampa mwenye mji njia mbili za kujilinda. Ya kwanza ni kuongeza askari, maana kila askari anaongeza bei. Tena chini ya serikali za aina ya ufalme au ukomunisti, askari walio mjini wananyamazisha manung'uniko. Ya pili ni kujenga, kufurahisha watu, na kuweka mahakama.

Kenya ilichagua ya kwanza. Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika huko Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dida. Desemba 1963, siku chache tu baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki. Vita vikaanza, na serikali ikaviita vya shifta, yaani majambazi. Mwaka 1966 watu wakaanza kukusanywa kwa nguvu kwenye vijiji vyenye ulinzi, na mfugaji asiyeweza kuhama na mvua hupoteza mifugo. Wengi walibaki na fimbo tu.

Mnunuzi naye alikuwa na hazina. Somalia ilitoa silaha na matangazo ya Radio Mogadishu. Lakini Juni 1967 Mfereji wa Suez ulifungwa kwa sababu ya vita vya Waarabu na Israeli, na ndizi za Somalia zilizokuwa zikipita pale kwenda Italia zikapata taabu. Mwezi uliofuata Mohamed Ibrahim Egal akawa waziri mkuu, akaona bei haimfai. Tarehe 28 Oktoba 1967, Kenneth Kaunda akiwa mpatanishi, Kenyatta na Egal walikubaliana Arusha kumaliza uhasama.

Mchezo ungesema: umeshinda, mji ni wako, zamu inayofuata. Lakini hali ya hatari haikuondolewa. Ilikaa mpaka Novemba 1991. Miaka 24 baada ya Arusha. Ndani ya miaka hiyo kulikuwa na Bulla Karatasi hapa Garissa, Novemba 1980, nyumba zilipochomwa na watu kukusanywa uwanjani. Kulikuwa na Wagalla, Wajir, Februari 1984, wanaume walipowekwa kwenye uwanja wa ndege siku kadhaa juani na wengi kuuawa.

Freeciv husoma kanuni zake kutoka kwenye mafaili, na seva moja hutumia seti moja kwa wachezaji wote. Kenya iliendesha seti mbili kwenye seva moja: ukiwa Nyeri au Kakamega una sheria hizi, ukivuka daraja la Tana una zile.

Mahakama

Nilisema mkumbuke mahakama. Kwenye mchezo ni jengo la bei nafuu, na peke yake hufanya mji uwe ghali mara nne. Nadhani waliotunga kanuni hiyo walifikiri hivi: mtu mwenye mahali pa kupeleka shauri lake hana haja ya mnunuzi.

Sasa angalieni tulichofanya. Mwaka 1966 zilitungwa kanuni za Mkoa wa Kaskazini Mashariki zilizoruhusu watu kukamatwa na kuwekwa ndani bila utaratibu wa kawaida. Mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, iliyofunga mlango wa mahakama kwa madai dhidi ya maofisa kuhusu mambo yaliyotendeka katika maeneo hayo kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967. Yaani hatukukosa tu kujenga mahakama. Ile iliyokuwepo tuliipiga kufuli na tarehe tukaziandika.

Kwa hesabu za mchezo huu, ni kama mwenye mji kubomoa jengo lake mwenyewe ili apate mawe ya kuwapiga wakazi.

Umbali unaopungua

Haki itendeke, mambo yamebadilika. Katiba ya 2010 iliweka Mfuko wa Usawazishaji kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kwa miaka 20. Mwaka 2013 kaunti 47 zikaanza kazi, na kwa mara ya kwanza maamuzi ya barabara na zahanati za Garissa yakaanza kufanywa Garissa. Kwa fomula, hiyo ni kusogeza mji mkuu. Mwaka huohuo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti iliyoandika Wagalla na Bulla Karatasi kwa majina yake. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10.

Na kuna kitambulisho. Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya Wasomali wapekuliwe, na waliopita wakapewa kadi ya pekee. Upekuzi uliendelea kwa sura nyingine kwa vijana wa kaunti za mpakani. Mimi nilipotimiza miaka 18 nilikaa mbele ya kamati katika ofisi ambayo sitaitaja. Mzee mmoja aliniuliza babu yangu alizaliwa wapi. Nikajibu. Akauliza kabla ya hapo walikuwa wapi. Babu yangu alizaliwa kabla ya mpaka kusogezwa. Alikuwa mahali palepale, mpaka ndio uliohama. Nilitaka kumwambia hivyo lakini mama alinikanyaga mguu chini ya meza. Kitambulisho nilikipata baada ya miezi kumi na minne, wakati wenzangu wa darasa moja kutoka mikoa mingine walikipata kabla ya muhula kuisha.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza mwisho wa upekuzi huo wa ziada. Wadogo zangu wanasema kweli foleni ni moja sasa. Tusubiri tuone kama itadumu.

Siku ile mbele ya kamati ndipo nilipoielewa ile mistari ya msimbo inayohesabu raia wa mwenye mji, wa mnunuzi na wa taifa la tatu. Wazee wale walikuwa wakitafuta nianguke kwenye kapu lipi: 1, 0.7 au 0.5. Ndiyo kasoro ya fomula, hata ile mpya. Inadhani namba hiyo ni ya kuzaliwa nayo. Haina mahali pa kuandika kwamba mtu wa 0.5 aliyesikilizwa, akapewa mahakama na kadi kwa wakati, mwisho anakuwa 1. Wala kwamba mtu wa 1 aliyewekwa juani uwanja wa ndege anaweza kushuka.

Kwa wanaocheza, ushauri wangu ni mfupi. Ukiwa na mji wa mbali, usikimbilie kuujaza askari. Jenga mahakama mapema, punguza hasira, na ukiweza hamia demokrasia kweli, kwa miji yote. Ni rahisi kuliko kununua mji wako mwenyewe mara ya pili.

Haya, tukutane wiki ijayo. Nitarudi kwenye hifadhidata, naahidi.